Susi: Aliingia meli kwa kukata kuni

Siku hizi Kitengela hukosi kijana anayekuambia ana mpango wa kuingia meli. Utampata kwa kinyozi, utampata stejini akingoja matatu ya tao, hata kwenye mjengo akibeba mawe. Ana jamaa yake aliyesomea Bandari Maritime Academy kule Mombasa, au yeye mwenyewe ana cheti cha usalama baharini na anangoja simu ya ajenti. Ukimuuliza ataenda kufanya kazi gani melini, anasema ubaharia, basi. Ukimuuliza baharia wa daraja gani, hapo stori inaisha.

Usimcheke. Sisi wa huku bara tumezoea kuona bahari kama mambo ya likizo ya Disemba. Lakini Kajiado imeunganishwa na bahari kwa zaidi ya miaka 100. Ile reli inayotoka Ziwa Magadi, ikapita Kajiado mjini hadi Konza, ilijengwa ili magadi yafike Mombasa na kupakiwa melini. Kule mwisho wa reli kuna mtu anayevuta kamba, anayefagia tumbo la meli mzigo ukishatoka, anayekwangua kutu na kupaka rangi. Mtu huyo ni baharia wa daraja la chini kabisa, na hakuna anayemwandika gazetini.

Leo nataka nikusimulie mmoja wao aliyeandikwa. Jina lake unalijua tangu shule ya msingi, ila nadhani hukuambiwa alianzia wapi.

Kwanza uelewe ngazi yenyewe. Meli ya mizigo ina milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa maafisa: unaingia kama kadeti, unasoma, unapanda pole pole mpaka siku moja unakuwa nahodha. Mlango wa pili ni wa wafanyakazi wa kawaida. Hapo juu sitahani unaanza kama baharia wa kawaida, unapanda kuwa baharia stadi, kisha serahangi, yule mkubwa wa mabaharia anayepokea amri kwa afisa na kuwagawia wenzake kazi. Kule chini kwenye injini unaanza kama mpanguzaji wa mafuta. Sheria za kimataifa za mafunzo ya mabaharia, zile za mwaka 1978 zilizofanyiwa marekebisho mara kadhaa, zinataka baharia wa sitahani awe amehudumu baharini miezi 18, au 12 akiwa na mafunzo yaliyoidhinishwa, kabla ya kuitwa stadi. Kwa hivyo cheti bila siku za bahari hakikufikishi mbali, na siku za bahari huzipati bila meli ya kukuchukua. Ndiyo maana yule jamaa wa kwa kinyozi bado anangoja simu.

Sasa rudi nyuma, kabla ya sheria hizo na kabla ya Kitengela kuwa mji. Nakupeleka Shupanga, kando ya mto Zambezi, nchi tunayoiita leo Msumbiji. Hapo ndipo anapotoka Abdallah Susi.

Ndiyo, Susi yule wa Chuma na Susi. Kwenye vitabu vya shule walikuja wawili wawili kama viatu, watumishi waaminifu wa David Livingstone, na mwalimu akapita haraka kwenda sura inayofuata. Mimi pia nilidhani Susi alikuwa mpagazi tu. Kumbe mpagazi alikuja baadaye. Kazi yake ya kwanza kwa Wazungu ilikuwa ya meli.

Livingstone alikuwa Zambezi tangu 1858 akijaribu kuonyesha kwamba mto ule unaweza kuwa barabara ya biashara. Meli yake ya kwanza, Ma Robert, ilikuwa aibu: ilikula kuni vibaya na kuvuja kila mahali mpaka ikazama Disemba 1860. Ya pili, Pioneer, iliyofika 1861, ilikuwa imara lakini ilizama sana majini, futi tano hivi, ikawa inakwama kwenye michanga ya mto kila mara. Meli ya mvuke ya wakati huo, mahali pasipo na makaa ya mawe, ilihitaji kuni, na kuni hazijikati. Watu wa kandokando ya mto wakaajiriwa kuingia msituni na mashoka. Susi na mwenzake Amoda, wote wa Shupanga, waliingia Pioneer mwaka 1863 kwa kazi hiyo.

Fikiria taniboi wa lori la mchanga pale Isinya. Lori likikwama, yeye ndiye anashuka na sepeto. Lori likienda, yeye yuko nyuma juu ya mchanga na vumbi. Dereva akipewa sifa, yeye hayupo. Hicho ndicho kilikuwa cheo cha Susi, ikiwa tutakiita cheo.

Kulikuwa na meli ya tatu pia. Livingstone aliinunua kwa pesa zake mwenyewe, pauni 6,000 hivi, akaiita Lady Nyassa. Ililetwa vipande vipande kutoka Uingereza, ikaunganishwa pale pale Shupanga na kushushwa mtoni Juni 1862, miezi miwili tu baada ya mkewe Mary kufa kwa homa na kuzikwa chini ya mbuyu wa Shupanga. Mpango ulikuwa kuipandisha mto Shire, kuifungua parafujo kwa parafujo, kuibeba kwa barabara kupita maporomoko, kisha kuiunganisha tena ziwani Nyasa. Walikata barabara, wakaanza kuifungua. Halafu katikati ya 1863 ikaja barua kutoka London: safari imefutwa, rudini.

Ukiwa umewahi kufukuzwa mjengoni jengo likiwa nusu, unaelewa.

Serikali ilitaka Pioneer yake irudi. Lady Nyassa ilikuwa mali ya Livingstone, na hakutaka kuiuza kwa Wareno maana alijua itaishia kubeba watumwa. Mapema 1864 manowari za Kiingereza zilizivuta meli zote mbili hadi Msumbiji kisiwani, dhoruba ikazipiga njiani karibu zizame. Kutoka hapo Lady Nyassa ikaenda Zanzibar, na Zanzibar hakukuwa na bei nzuri. Livingstone akaamua jambo ambalo nahodha mwenye akili zake asingelifanya. Ataivusha Bahari ya Hindi hadi Bombay, ambayo leo ni Mumbai, aiuzie huko.

Hebu pima. Meli ya futi 115 iliyotengenezwa kwa ajili ya ziwa. Umbali wa maili zaidi ya 2,400. Makaa ya mawe tani 14 tu, kwa hivyo sehemu kubwa ya safari ilipaswa kwenda kwa tanga. Mhandisi wake akabaki Zanzibar. Pepo za kusi zilikuwa karibu kuanza, na ukichelewa kusi ikukute katikati, meli ndogo kama ile haifiki. Nahodha alikuwa Livingstone mwenyewe, daktari na mhubiri aliyejua kupima nyota. Wazungu wengine walikuwa watatu: mmoja wa tanuri la injini, mmoja baharia, mmoja seremala. Waliobaki walikuwa wanaume saba wa Zambezi, na vijana wawili wadogo waliokombolewa utumwani, Chuma na Wikatani. Wale saba, kabla ya kujitolea kuja, walikuwa hawajawahi kuona bahari.

Susi alikuwa mmoja wa hao saba.

Waliondoka Zanzibar tarehe 30 Aprili 1864. Hapo ndipo mkata kuni aligeuka baharia, na hakukuwa na chuo. Walijifunza kupanda mlingoti, kukunja tanga upepo ukichafuka, kuchochea moto wa injini. Wazungu walipougua, watu wa Zambezi walishika usukani kwa zamu. Kisha upepo ukafa. Kwa wiki tatu na zaidi bahari ililala kama bwawa, makaa yakawekwa akiba, papa wakizunguka, maji ya kunywa yakihesabiwa. Walipokaribia India kusi ikawakuta kweli, mvua na mawimbi, na meli ya ziwa ikapanda na kushuka. Tarehe 13 Juni, baada ya siku 45, waliingia bandari ya Bombay. Ilikuwa ndogo kiasi kwamba katikati ya meli kubwa hakuna aliyeitambua.

Kwa vipimo vya leo, Susi alikuwa na siku 45 za bahari kuu, pamoja na muda wote wa mtoni. Nahodha wake alimsifu kwenye maandishi, yeye na wenzake. Hakuna cheti kilichotolewa.

Na hapa ndipo ningependa utulie kidogo. Walipofika Bombay, Chuma na Wikatani walipelekwa shule ya wamisheni. Susi na Amoda walipelekwa gatini kufanya kazi. Livingstone akapanda meli kwenda Uingereza. Mwaka uliofuata aliiuza Lady Nyassa kwa pauni 2,300, pesa akaziweka benki, benki ikaanguka na pesa zikapotea zote. Hata bosi hakufaidi meli ile.

Bombay ya wakati huo ilikuwa imejaa Waafrika wa bandarini. Waliitwa Sidi. Wengi walikuwa wachochea moto kwenye meli za mvuke, kazi ya jotoridi iliyowashinda Wazungu, ndani ya tumbo la meli kwenye Bahari ya Shamu. Jeshi la wanamaji la Uingereza nalo liliwaajiri Zanzibar kwa manowari zilizowinda mashua za watumwa. Sidi likawa daraja rasmi kwenye daftari la jeshi. Unaona ujanja hapo? Mzungu maskini aliyeingia jeshi lile akiwa mvulana aliandikwa kwa daraja la chini na mbele yake kulikuwa na ngazi. Mwafrika aliandikwa Sidi, na juu ya Sidi kulikuwa na mkubwa wa Masidi tu. Afisa akishindwa kutamka jina la mtu, alimbandika jina la mzaha, na ndilo lililoingia kwenye daftari la mishahara.

Livingstone alirudi Bombay 1865 kutafuta watu wa safari mpya, ya kutafuta chanzo cha mto Nile. Susi na Amoda wakakubali. Januari 1866 walivuka tena bahari, safari hii kwenye meli Thule, zawadi ya serikali ya Bombay kwa Sultani Majid wa Zanzibar. Machi wakashuka Mikindani, kusini mwa Tanzania ya leo, na kuanza kutembea. Watu walioletwa walikuwa 36: askari wa Kihindi 13, watu 10 wa kisiwa cha Nzuwani, vijana 9 wa shule ya Nasik kule India, Wayao 2 na watu 2 wa Shupanga.

Safari ile iliendelea miaka saba. Askari walirudishwa. Watu wa Nzuwani walitoroka na kwenda kutangaza pwani kwamba Livingstone ameuawa. Wengine walikufa, wengine walichoka. Mwisho wa yote, kati ya wale 36, waliobaki ni watano: Susi, Chuma, Amoda, Gardner na Mabruki.

Sitaki nikuchoree mtakatifu. Mwaka 1868 Livingstone alipotaka kwenda Ziwa Bangweulu, watu wake wengi waligoma na Susi alikuwa upande wa waliogoma. Wewe pia ungegoma. Walikuwa wamechoka, njia ilikuwa na vita, na mzee hakuwa akisikia ushauri. Baadaye walirudiana. Livingstone aliandika kwamba hata yeye ana makosa yake, akawapokea. Katikati ya 1870, kikundi kilipovunjika tena na mzee akabaki na watu watatu tu wa kuandamana naye, mmoja wao alikuwa Susi.

Novemba 1871, mwandishi wa gazeti Henry Morton Stanley alipokaribia Ujiji na bendera ya Marekani, mtu wa kwanza wa Livingstone kumfikia alikuwa Susi, aliyemsalimia kwa Kiingereza. Kiingereza kile alikipata wapi? Kwenye sitahani ya Pioneer na kwenye gati la Bombay. Watu wanaikumbuka salamu ya Stanley mpaka leo. Salamu ya Susi ilitangulia.

Stanley akaondoka, Livingstone akakataa kurudi kwao. Mwaka 1873 walikuwa kwenye vinamasi vya Bangweulu msimu wa mvua, mzee akitokwa damu, hawezi kutembea. Walimbeba mabegani kwa zamu kuvuka maji. Mahali pamoja maji yalimfika Susi mdomoni akiwa amembeba mtu shingoni, na mguu wake ukitafuta chini bila kuona. Nimesoma habari za mashujaa wengi wa baharini. Sijasoma wengi waliofanya kitu kigumu kuliko hicho, na hakikuwa hata baharini.

Usiku wa mwisho walikuwa kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Kulikuwa na kelele, watu wakifukuza nyati mashambani. Mzee akamwita Susi kuuliza kelele ni za nini. Kisha, kwa Kiswahili, akamuuliza ni siku ngapi kufika mto Luapula. Susi akamjibu nadhani siku tatu. Baadaye akamwita tena amchemshie maji na kumletea sanduku la dawa, halafu akamwambia aende zake. Kabla ya kupambazuka, mtoto Majwara aliyekuwa akilala ndani ya kibanda alikuja mbio kumwamsha Susi. Walimkuta mzee amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa. Tarehe inayokubaliwa ni 1 Mei 1873.

Sasa ona walichofanya. Nahodha amekufa, maafisa hawapo, pwani iko zaidi ya maili 1,000, na kubeba maiti kupita nchi za watu ni kutafuta kesi kila kijiji. Wangeweza kumzika na kuondoka, na hakuna angewalaumu. Walikutana, wakawateua Susi na Chuma kuwa viongozi, wakaamua kumpeleka kwao. Jacob Wainwright, kijana wa Nasik aliyejua kuandika, aliorodhesha kila kitu kwenye masanduku. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Zanzibar, aliutoa moyo na matumbo, vikazikwa chini ya mti. Mwili ukatiwa chumvi, ukakaushwa juani siku 14. Wakauvingirisha kwa kitambaa, wakaufunga ndani ya gome la mti, na juu ya gome wakashona turubai la tanga la meli, kisha wakaufunga kwenye mti wa kubebea.

Hilo tanga limenikaa kichwani. Kwa desturi za zamani, baharia akifa safarini wenzake humshonea ndani ya kitambaa cha tanga kabla ya kumtupa majini. Susi alikuwa mtu wa tanga. Nahodha wake wa Lady Nyassa akapelekwa pwani akiwa ameshonwa kwenye tanga.

Walitembea miezi tisa. Watu waliugua, kadhaa walikufa, mahali pengine ilibidi wapigane. Oktoba walifika Unyanyembe, karibu na Tabora, wakakutana na afisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza, Luteni Verney Lovett Cameron, aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike hapo hapo. Hapa tuna luteni upande mmoja na mkata kuni upande mwingine. Susi na wenzake walikataa. Cameron akachukua vyombo vya kupimia vya marehemu kwa ajili ya safari yake, wao wakabeba mzigo wao. Mbele kidogo wenyeji wakapinga maiti kupitishwa. Wakafanya ujanja: walitengeneza maiti bandia kwa mabua, wakawatuma watu wairudishe Unyanyembe eti kuizika, na mwili wa kweli wakaufunga upya uonekane kama robota la nguo. Ukapita.

Februari 1874 walifika Bagamoyo. Manowari ikaja kuuchukua mwili kwenda Zanzibar. Na waliouleta? Ofisi ya balozi iliwalipa mishahara yao na kuwaambia kazi imekwisha. Huo ndio mkataba wa baharia wa chini: safari ikifika bandarini, unalipwa na kushuka, hata kama safari hiyo uliiongoza wewe.

Mazishi yalikuwa London, Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili 1874. Jacob Wainwright alikuwapo kwa sababu wamisheni walimlipia nauli. Susi na Chuma hawakuwapo. Waliletwa Uingereza wiki kadhaa baadaye, kwa pesa za James Young, rafiki tajiri wa marehemu. Wakiwa huko walijenga mfano wa kile kibanda cha Chitambo, na wakakaa miezi na Horace Waller aliyehariri shajara za mwisho za Livingstone, wakimwambia mto upi ulikuja kabla ya upi na nani alifanya nini. Bila kumbukumbu zao sura za mwisho za kitabu kile zisingekuwapo. Jumuiya ya kijiografia ya London iliwapa nishani. Jiwe la kaburi pale Abbey linasema kwamba mikono miaminifu ilimleta marehemu kwa nchi kavu na bahari. Majina ya wenye mikono hayapo.

Utaniambia Susi hakupanda ngazi kwa sababu hakupelekwa shule. Ngoja nikuonyeshe mtu mwingine, na huyu alipita huku kwetu.

Mwaka 1883 Joseph Thomson, Mskochi wa umri wa miaka 25, alitoka Mombasa na msafara, akazunguka Kilimanjaro upande wa Loitokitok, akakatisha nchi ya Wamaasai hadi Ngong, yaani alivuka Kajiado ya leo. Safari yake ya kwanza ya 1879, kwenda maziwa ya kusini, aliongozewa na Chuma, lakini Chuma alifariki 1882. Msaidizi mzungu wa Thomson safari ya Umaasaini aliitwa James Martin. Jina la kuzaliwa lilikuwa la Kiitaliano, maana alikuwa baharia wa kawaida kutoka Malta aliyeishia Zanzibar. Hakujua kusoma wala kuandika zaidi ya kuweka sahihi. Alijifunza Kiswahili, akajua kuongoza misafara, kazi ile ile aliyoijua Susi. Wakoloni walipofungua ofisi Eldama Ravine, waliyemweka kuwa afisa wa serikali alikuwa Martin, na barua ziliandikwa na karani.

Kwa hivyo mabaharia wawili wa chini, wote waliacha meli, wote wakaongoza misafara. Mmoja asiyejua kusoma alipewa wilaya.

Susi alipewa nini? Mwaka 1879 Stanley alirudi Zanzibar kutafuta watu wa kazi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwenye mto Kongo, akamfanya Susi mkuu wa watu wake. Na kazi yenyewe? Kubeba meli za mvuke zilizofunguliwa vipande vipande, kwa barabara, kupita maporomoko, kisha kuziunganisha upande wa pili. Ni ule ule mpango ulioshindwa kule Shire mwaka 1863. Safari hii ulifaulu: mwishoni mwa 1881 meli iliyoitwa En Avant ilielea kwenye maji mapana juu ya maporomoko, na kituo kilichoanzishwa pale kikaitwa Leopoldville. Leo unakiita Kinshasa. Aibu ya yaliyofuata Kongo, mpira na mikono iliyokatwa, ni ya Leopold. Lakini haiwezekani kusimulia maisha ya Susi ukaficha kwamba barabara ile aliisaidia kufunguka.

Alirudi Zanzibar, akawa kiongozi wa misafara ya wamisheni wa Kianglikana, akipeleka watu na mizigo bara na kuwarudisha salama. Mwaka 1886 alibatizwa akachagua jina David. Alifia Zanzibar Mei 1891. Wakati huo meli za mvuke zilikuwa zikiingia na kutoka bandarini hapo kila mara, na kule chini kwenye matanuri yao wachochea moto bado waliandikwa Sidi.